Mshororo

Miaka ishirini na sita nilikaa kibandani,
lango la ghala la mbolea, Shimanzi,
nikiandika malori yanayotoka:
namba, saa, uzito, jina la dereva, anakokwenda.
Malaba. Katuna. Juba. Goma.
Mimi mwenyewe sikuwahi kupita Voi
ila mara moja, na hiyo ilikuwa mazishi.

Kisha wakaleta kamera, wakaitundika juu ya nguzo,
jicho moja lisiloenda msalani wala kuomba likizo.
Nikapewa bahasha, na saa ya ukutani
yenye jina langu kwa rangi ya dhahabu: NGAWA.
Mimi ni Ngowa.
Saa yenyewe huchelewa.

Hamsini na tatu.
Daktari wa macho akasema, soma mstari wa chini.
Nikausoma. Akanitazama, akasema, rudia.
Daktari, nikamwambia, namba ndogo ndizo zilizonilisha.

Nyevu, mke wangu, mwalimu wa Kiswahili darasa la saba,
hakucheka. Afadhali angecheka.
Alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena.
"Wenzako wa rika lako wanafuga kuku.
Wewe wataka kufuga tani thelathini."

Anayenifunza ni Shufaa, ana miaka ishirini na saba,
kovu la radieta kwenye mkono wa kuume,
na Juba ameshaiona mara kumi na moja.
Uwanja ni vumbi la Miritini, nyuma ya karakana:
mapipa manne, na trela tupu
refu kuliko nyumba niliyoijenga.
"Rivasi ni kinyume, mzee.
Ukitaka mkia uende kulia, kata usukani kushoto.
Usiusikilize mwili. Mwili una mazoea."
Na mimi, mwili wangu wote ni mazoea.
Pipa la kwanza nililiangusha.
La pili nililiponda, likawa sinia.

Vijana wenye kapelo wakaniita Babu Pipa.
Samaki mkunje angali mbichi, wakanichokoza.
Kweli, mimi ng'onda, nikawajibu,
lakini hata ng'onda ukimroweka usiku kucha
asubuhi hulainika kidogo.
Kidogo tu.
Goti la kushoto, la klachi, lilikuwa likilia usiku.
Nyevu alilikanda kwa mafuta ya nazi, kimya,
na kwa Nyevu kukanda ni kusema.

Leo nimebeba mzigo. Mbolea, wa ghala lile lile.
Kibanda changu wamekifanya stoo ya mifagio.
Nikaipungia mkono kamera. Haikupunga.
Harufu ya gunia ikanifuata hadi ndani ya kichwa cha lori,
ya zamani, ya mshahara.

Shufaa amejinyoosha nyuma ya viti, anakoroma.
"Niamshe Mariakani," alisema, "au ukigonga kitu."
Kuanzia Mazeras tumesimama,
taa nyekundu juu ya taa nyekundu, mlima mzima,
breki zinapumua kama ng'ombe zizini.
Nikamwandikia Nyevu: niko kwenye mshororo.
Akajibu saa hiyo hiyo, kumbe hajalala:
"Wa ngapi?"
Nikaichekea simu peke yangu gizani.
Nikahesabu kadiri macho yanavyofika, nikaandika,
mshororo wa arubaini, mizani iko mbele, kituo sikioni.
"Basi hilo si shairi," akajibu. "Ni utenzi. Vaa sweta."

Saa nane na dakika kumi, zamu yangu.
Naingia juu ya bamba la chuma polepole,
kama mtu anayekanyaga kitanda cha mtoto aliyelala.
Tarakimu zinapanda, zinasita, zinatulia.
Bila kufikiri mkono unapapasa mfuko wa shati,
unatafuta kalamu. Ipo. Ya buluu.
Naandika kiganjani, kwa mwandiko wa langoni:
namba, saa, uzito.
Dereva: Ngowa, kwa o.
Anakokwenda:

Nyuma yangu mtu anapiga honi.
Natafuta gia ya kwanza.
Naipata ya tatu.